Ethiopia Si Nchi Isiyofikiwa

Kuna neno moja lililoingia katika sharika zetu bila kupimwa, nalo ni neno "wasiofikiwa". Tunalisikia kwenye mikutano ya injili, kwenye semina za umisheni, na hasa wakati bahasha za sadaka maalumu zinapogawiwa. Watu wasiofikiwa ni wale ambao habari za Yesu Kristo hazijawafikia katika lugha yao na katika maisha yao. Likitumika kwa watu wa namna hiyo sina ugomvi nalo. Nimelitolea sadaka na nitalitolea tena. Ugomvi wangu unaanza pale linapobandikwa juu ya watu waliobatizwa katika Utatu Mtakatifu, wanaofunga siku nyingi kuliko sisi, na ambao mababu zao waliimba Zaburi kanisani kabla mababu zetu hawajasikia jina la Daudi.

Nazungumza juu ya Ethiopia. Vikundi vya umisheni vimekuwa vikipita katika sharika zetu kuomba nauli ya kwenda huko kwa majuma mawili, matatu, kisha kurudi na ushuhuda. Kipeperushi kimoja nilichopewa mlangoni pa kanisa kilizieleza nyanda za juu za kaskazini mwa nchi ile kuwa ni giza linalomsubiri Yesu. Kando ya maneno hayo ilikuwapo picha nzuri ya kanisa la Lalibela, lile lililochongwa katika mwamba kwa umbo la msalaba. Aliyekitengeneza alichukua picha ya kanisa ili kutuonyesha mahali pasipo na Kanisa, na hakuna aliyecheka. Bahasha zikajaa.

Tuanze na miaka, maana katika jambo hili miaka ina uzito wake. Mfalme Ezana wa Aksumu alipokea Ukristo katika karne ya 4. Sarafu zake zipo mpaka leo: za mwanzo zina alama ya mwezi mwandamo na duara, za baadaye zina msalaba. Frumentio, kijana wa Tiro aliyefikishwa huko kwa mkasa wa meli, aliwekewa mikono kuwa askofu na Athanasio wa Aleksandria, yule yule mtetezi wa imani ya Nikea tunayoikiri sisi wenyewe. Waethiopia wanamwita Abba Salama, baba wa amani. Biblia ikatafsiriwa kwa Kige'ez, na tafsiri ile imehifadhi hata vitabu ambavyo dunia nzima ilikuwa imevipoteza kwa ukamilifu wake, kama kile cha Henoko. (Wengi hupenda kuanza na towashi wa Matendo sura ya 8. Mimi simtegemei. Kandake alitawala Meroe, upande wa Sudani ya leo. Aksumu inajitosheleza bila yeye.)

Sasa linganisha. Bonifasi alipoukata mwaloni mtakatifu wa Wajerumani, Aksumu ilikuwa imekwisha kukaa na msalaba kwenye sarafu zake karibu miaka 400. Wajukuu wa Wajerumani hao ndio waliotuletea sisi Injili Kilimanjaro mwaka 1893, kutoka Leipzig, nasi tunawaheshimu kama wazee wetu wa imani. Kwa hesabu ya ubatizo, basi, wazee wetu wa imani ni wadogo zao Waethiopia. Mjukuu anafunga safari kwenda kumfundisha babu mkubwa jina la ukoo.

Atakuwapo msharika atakayesema: umri si wokovu, kanisa linaweza kuwa la zamani na likawa limekufa. Ni kweli, na nitalirudia neno hilo mbele. Lakini kwanza nataka Walutheri wenzangu wajue alichofanya Martin Luther mwenyewe, kwa sababu watu wanaojiita watoto wake wanapaswa angalau kujua mwenendo wa baba.

Mwaka 1534 alifika Wittenberg shemasi wa Kiethiopia aitwaye Mikaeli. Luther alizungumza naye kwa msaada wa mkalimani kuhusu Utatu Mtakatifu na kuhusu Meza ya Bwana. Hakumkuta mpagani. Alimkuta ndugu ambaye desturi zake zilikuwa tofauti na imani yake ilikuwa moja na ile iliyohubiriwa Wittenberg. Mwezi Julai mwaka huo huo Luther akamwandikia barua ya kumtambulisha, ili apokewe kama Mkristo popote aendapo. Hakumbatiza. Ilikuwa miaka minne tu baada ya Ungamo la Augsburg, ambalo ibara yake ya 7 haidai kwamba desturi zilizowekwa na wanadamu zifanane kila mahali ndipo Kanisa liwe moja. Luther alikuwa na ulimi mkali kuliko wahubiri wetu wote tukiwaweka pamoja, na kama angeona sababu ya kumwita mtu yule mwana wa giza, angemwita.

Waliokwenda Ethiopia kwa roho nyingine wapo pia, na matunda yao yameandikwa. Mwaka 1603 aliingia nchini Mjesuiti aitwaye Pedro Páez. Alikuwa mtu mvumilivu. Alijifunza Kiamhari na Kige'ez, alikaa na watu, akamvuta mfalme Susenyos hadi mfalme akatangaza waziwazi kuungana na Roma mwaka 1622. Páez akafa mwaka huo huo. Aliyemfuata, Patriaki Afonso Mendes, alifika 1625 na moyo tofauti. Kwake yeye Waethiopia walikuwa kama hawajaanza. Watu wakatakiwa kubatizwa upya, makasisi kuwekewa mikono upya, makanisa kuwekwa wakfu upya. Tohara ikakatazwa, na kalenda ya sikukuu ikabadilishwa. Nchi ikawaka moto. Wakulima walioinuka kutetea imani ya baba zao walikufa kwa maelfu mikononi mwa jeshi la mfalme wao. Mwaka 1632 Susenyos mwenyewe alichoka na damu, akatangaza kwamba kila mtu arudi kwenye imani ya zamani, akamwachia kiti mwanawe Fasilides. Wajesuiti wakafukuzwa, na kwa karibu karne mbili Mkristo yeyote kutoka Ulaya aliyefika huko alitazamwa kama mwizi aliyekwisha kuiba mara moja.

Simsimulii Mendes ili kuwasema Wakatoliki. Nawasimulia Walutheri, Waanglikana na Wapentekoste, kwa sababu Mendes bado anasafiri, ila siku hizi amevaa fulana yenye maandishi ya kikundi na kubeba kipaza sauti.

Jumuiya ya CMS ya Uingereza ilipoanza kazi huko katika karne ya 19 ilikuwa imejifunza kidogo. Nia iliyotangazwa haikuwa kuanzisha kanisa jipya. Ilikuwa kulisaidia kanisa la zamani liamke kwa kulipa Neno katika lugha ambayo watu waliielewa, maana Kige'ez kilikuwa kimebaki lugha ya ibada tu. Hapa ningependa tumpe heshima mtu ambaye hatajwi katika semina zetu: Abu Rumi, mtawa wa Kiethiopia aliyefanya kazi miaka mingi mjini Cairo akiitafsiri Biblia nzima kwa Kiamhari. Mwaka 1820 maandiko yake yalinunuliwa kwa ajili ya Chama cha Biblia cha Uingereza, na mwaka 1840 Biblia kamili ikachapwa. Mwethiopia wa Kiorthodoksi ndiye aliyeifungua Biblia kwa Waethiopia. Wageni walichapa na kubeba.

Kubeba nako hakukwenda vizuri. Isenberg na Krapf walikosana na makasisi wa Adwa, wakafukuzwa mwaka 1838. Krapf akazunguka akaenda Shoa kwa mfalme Sahle Selassie, akakaa huko miaka michache, na alipotoka mwaka 1842 hakuruhusiwa kuingia tena. Hapo ndipo habari hii inapogusa pwani yetu. Krapf alikuwa ameona kwamba kusini mwa nchi zile za Kikristo waliishi Waoromo, watu wengi mno, ambao hawakuwa na Neno katika lugha yao. Kwa kuwa mlango wa kaskazini ulikuwa umefungwa, alitafuta mlango wa kusini, akashuka Mombasa mwaka 1844. Mkewe Rosine na mtoto wao mchanga wakafa hapo mwaka huo huo. Waoromo hakuwafikia kamwe. Badala yake ikaja Rabai, yakaja maandiko ya kwanza ya Kikristo kwa Kiswahili, ikaja kazi ambayo sisi ni sehemu ya mavuno yake. Uprotestanti wa Afrika Mashariki ulianza kama njia ya mchepuko ya mtu aliyegundua, baada ya kufukuzwa, ni nani hasa waliokuwa hawajafikiwa.

Mtume Paulo alilisema hili waziwazi katika Warumi 15, kwamba alijitahidi asihubiri pale ambapo Kristo alikwisha kutajwa, asije akajenga juu ya msingi wa mtu mwingine. Ni ajabu kwamba sura hiyo haisomwi katika ibada za kuwaaga wamisionari, ingawa ndiyo sura ya umisheni kuliko nyingi tunazozisoma.

Najua jibu ninaloandaliwa. Litatoka Matendo sura ya 19, ambako Paulo alikutana na wanafunzi huko Efeso akawabatiza upya. Lisomwe vizuri. Watu wale walikuwa na ubatizo wa Yohana peke yake, na Roho Mtakatifu hawakuwa hata wamemsikia. Mwethiopia wa Gondar hayuko katika hali hiyo. Mfano wake uko ukurasa wa nyuma yake, mwishoni mwa sura ya 18. Apolo alikuwa hodari katika Maandiko, mwenye bidii, ila njia aliijua nusu. Prisila na Akila walimsikia akifundisha katika sinagogi. Hawakusimika hema lao ng'ambo ya barabara. Walimchukua kwao wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi, kisha ndugu wakamwandikia barua ya kumtambulisha. Barua, kama ile ya Luther.

Sasa nirudi kwenye neno la kanisa lililokufa. Siandiki kama mtu anayefikiri kwamba Kanisa la Tewahedo halina doa. Mimi ni Mlutheri, siwaombi watakatifu waniombee, na ninaamini kwamba ibada inayoendeshwa kwa lugha ambayo mkulima haielewi inamwibia mkulima. Nafahamu pia habari za hirizi za maandishi zinazofungwa shingoni na zinazodaiwa kufukuza pepo. Lakini nani kati yetu atanyanyua jiwe? Tunao washarika wanaokwenda kwa mganga Jumamosi usiku na kushiriki Meza ya Bwana Jumapili asubuhi, na baraza la wazee linawajua kwa majina. Hatujawahi kusema kwamba usharika huo haujafikiwa. Tunasema unahitaji mafundisho, unahitaji mchungaji anayetembelea nyumba, unahitaji nidhamu ya kanisa. Ukristo wa jina tu ni ugonjwa wa Wakristo, na dawa yake ni toba. Mgonjwa haandikiwi cheti kipya cha kuzaliwa.

Wala kanisa lile halikukosa watu wa kulionya kutoka ndani. Katika karne ya 15 wafuasi wa Abba Estifanos walikataa kuusujudia msalaba na picha ya Mariamu, na mfalme Zara Yaqob akawatesa vibaya. Karne nne baadaye, huko Tsazega katika nchi ya Hamasen, makasisi wa Kiorthodoksi walianza kuisoma Biblia ya Kiamhari wakahubiri walichokisoma. Wakaonewa mpaka wakalazimika kukimbilia kwa wamisionari wa Kiswidi karibu na Massawa. Hawakuvutwa na wageni. Walifukuzwa na ndugu zao. Hili naliweka mbele ya ndugu zangu wa Kiorthodoksi, kama kuna atakayesoma hapa, kwa sababu hoja yangu haiwapi wao hatimiliki. Kanisa haliwezi kusema kwamba mtu ni wake kwa kuwa alizaliwa upande huu wa mlima, halafu likamfukuza anapoifungua Biblia. Na kanisa lililokaa jirani na Waoromo kwa karne nyingi bila kuwapa Biblia kwa Kioromo halina haki ya kumlalamikia aliyewapa.

Aliyewapa ni Onesimos Nesib. Sijui kwa nini watoto wetu wa kipaimara wanamjua Livingstone na hawamjui huyu. Alitekwa utotoni, akauzwa na kuuzwa tena, akakombolewa Massawa, akasomeshwa na Waswidi, akabatizwa mwaka 1872. Akiwa na Aster Ganno, binti wa Kioromo aliyepitia utumwa kama yeye na aliyekuwa na masikio makali ya lugha, alitoa Agano Jipya la Kioromo mwaka 1893 na Biblia nzima mwaka 1899. Mwaka 1904 akarudi Wollega kufundisha watu wake. Makasisi wakamshtaki kwamba anamtukana Mariamu, akafikishwa mbele ya Abuna, na ni mfalme Menelik aliyemnusuru asifukuzwe katika nchi yake. Kazi ya Onesimos ni umisheni wa kweli, ndani ya nchi yenye Ukristo wa kale. Alikwenda kwa watu ambao Neno halikuwa na sauti kwao, akakaa hadi alipokufa, mwaka 1931.

Na matunda yakaonekana. Mwaka 1944 serikali ya Haile Selassie ilitoa kanuni zilizogawa nchi: maeneo ya Kanisa la Ethiopia, ambako misheni ingeweza kutibu na kusomesha bila kugeuza watu dhehebu, na maeneo yaliyo wazi, ambako ingeweza kuhubiri. Sipendi mfalme amchoree Roho Mtakatifu ramani. Lakini mfalme yule aliwasukuma wamisionari kwa nguvu kuelekea Warumi 15. Mekane Yesus, kanisa dada la Kilutheri lililoundwa rasmi mwaka 1959, lina mizizi mirefu magharibi na kusini, kwa Waoromo na wengine ambao hawakuwa na mhubiri, na leo ni miongoni mwa makanisa makubwa kabisa ya Kilutheri duniani. Huko Wolaita nako, wamisionari wa SIM walipoondolewa wakati wa utawala wa Waitaliano waliacha waamini waliobatizwa 48, na waliporudi baada ya miaka michache walikuta wapata 10,000. Hakuna mgeni aliyekuwapo kuwahesabu wala kuwapiga picha.

Tarakimu za sensa tunazipenda sana. Mwaka 1994 Waorthodoksi walikuwa asilimia 50.6 ya Waethiopia na Waprotestanti asilimia 10.2, mwaka 2007 zikawa 43.5 na 18.6. Nimesikia zikisomwa madhabahuni kama matokeo ya mpira. Ndani ya ongezeko hilo wamo watu wa kusini waliotoka kwenye dini za jadi, na mbingu ilifurahi kwa ajili yao. Wamo pia Wakristo waliohamishwa kutoka benchi moja kwenda benchi jingine, na sina hakika kama malaika walipata la kufanya siku hiyo.

Tena uhamisho huo una gharama, na anayelipa si mgeni. Timu ya majuma mawili inaondoka na picha kwenye simu. Anayebaki ni kijana wa kijijini aliyeambiwa kwamba ubatizo wa mama yake ni bure. Baba hamsemeshi. Siku akifiwa na mtoto, anagundua kwamba makaburi ya kijiji ni ya kanisa alilolikana hadharani. Imetokea huko maiti kunyimwa nafasi, na ni aibu ya waliomnyima. Lakini aibu haiko upande mmoja. Aliyemfundisha kijana yule kuwadharau wazee wake yuko Dar es Salaam akisimulia ushuhuda.

Dawa hii sisi tumekwisha kuinywa, ndiyo maana nashangaa tunavyoipika. Nani katika sharika za Kilimanjaro, za Bukoba au za Iringa hajaona hema la mkutano likisimikwa hatua chache kutoka ukuta wa kanisa, vipaza sauti vikigeuziwa madirisha yetu wakati wa ibada? Nani hajampokea nyumbani kijana wa kipaimara anayelia kwa sababu ameambiwa kwamba maji aliyomwagiwa utotoni yalikuwa kuoga tu? Tuliona uchungu. Wazee walilalamika kwamba watu wale wanavuna shamba wasilolilima. Tuliuliza: kwani hapa hapakuwa na Yesu tangu 1893? Mwethiopia wa Aksumu ana haki ya kuuliza swali hilo hilo, na tarehe yake ni ya zamani kuliko yetu kwa zaidi ya miaka 1,500.

Kuna jambo jingine la zamani ambalo lingetusaidia. Miaka ya 1860 wamisionari waliokwenda kuwahubiria Wayahudi wa Ethiopia, wanaoitwa Beta Israel, walipewa ruhusa kwa sharti moja: atakayeamini abatizwe katika Kanisa la Ethiopia. Walikubali. Walihubiri, walifundisha, wakawakabidhi waongofu wao kwa makasisi ambao hawakukubaliana nao katika mambo mengi. Nadhani iliwauma. Ni kikundi gani cha kwetu leo kingekubali sharti kama hilo? Na kama hakingekubali, kinatafuta nini hasa, Kristo ahubiriwe au tawi lifunguliwe?

Haya yote hayatupi ruhusa ya kukaa nyumbani. Ndani ya mipaka ya Ethiopia wako Waafar na Wasomali ambao miongoni mwao Wakristo ni wachache mno, na kazi kwao ni ya taratibu, ya joto kali, ya kujifunza lugha miaka kabla ya kusema lolote la maana. Haitoi picha nyingi. Huko kaskazini nako yapo ya kufanya bila kumbatiza mtu aliyebatizwa: kuchapa Maandiko katika lugha wanayosema watu, kufundisha pamoja nao pale wanapotukaribisha, kuuguza, na kuomba radhi pale ambapo tumewatukana. Tena tungejifunza. Mkristo wa kawaida wa Kiorthodoksi hufunga karibu nusu ya siku za mwaka. Sisi Kwaresima inatushinda kufikia juma la pili.

Kamati za umisheni za sharika zitakaa tena kabla ya bajeti kwenda kwa wazee, na maombi ya nauli yatakuwa mezani. Naomba wajumbe waulize mambo machache kabla ya kupiga muhuri. Kikundi hiki kinakwenda kwa watu gani, wa lugha gani, na nani kati yao anaisema? Mekane Yesus, ndugu zetu wa meza moja, wameulizwa, na wamejibu nini? Je, kuna kanisa la Kiorthodoksi katika mji ule, na kasisi wake amepigiwa hodi? Kama wanaoomba fedha zetu hawajui hata jina la kanisa hilo, maombi yao yarudishwe yakajibiwe kwanza, na bahasha zisigawiwe Jumapili hiyo.